Uliza Fundi: Tela la breki za umeme, na ule waya wa bluu

Safari hii barua zimetoka magharibi, Kigoma na Tabora, na zote ni habari ya tela. Naanza na ndefu kuliko zote maana zingine zinaegemea humo humo.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mwanga hapa Kigoma mjini, nina Land Cruiser pikapu ya dizeli, volti 12. Nimenunua tela used la ekseli mbili, limekuja na kontena, lina breki za umeme tairi zote nne na plagi ya pini saba. Nabeba saruji na mabati kupeleka Kasulu na saa nyingine Manyovu, na njia ile unaijua ilivyo na milima. Sasa mafundi wawili wamenichanganya. Wa kwanza anasema waya wa breki wa tela uungwe tu kwenye waya wa taa za breki za gari, nikikanyaga pedeli umeme unaenda nyuma, kazi imeisha, kununua kontrola, kile kiboksi cha kugawa umeme wa breki za tela, ni kutupa hela. Wa pili anasema bila kontrola hafanyi, ila akishika zile waya nne za kontrola naona anakuna kichwa. Nimfuate nani? Jina kapuni, Mwanga.

JIBU: Marahaba. Mfuate wa pili, na kichwa tutamkunia sote. Huyo wa kwanza mwambie asiguse gari lako. Sio kwamba breki hazitashika, zitashika sana, na hapo ndo balaa lenyewe.

Angalia zinavyofanya kazi. Ndani ya kila dramu la tela kuna sumaku ya umeme imekaa kwenye mkono wa chuma. Ukipeleka umeme, sumaku inajigandisha kwenye uso wa dramu unaozunguka, inaburuzwa kidogo, ule mkono unasogea na kutanua breki shuu. Umeme kidogo, inang'ata kidogo, umeme mwingi inang'ata mpaka tairi linajifunga. Yaani nguvu ya breki yote iko kwenye kiasi cha umeme. Sasa waya wa taa za breki unajua mambo mawili tu, kuwaka na kuzima, ukigusa pedeli kidogo tu pale sokoni Mwanga kumpisha bodaboda tairi nne za nyuma zinajifunga zote kwa pamoja, na ukiwa kwenye kona ya mlima umepakia saruji sitaki hata kuwaza. Alafu kuna hesabu ya fyuzi. Sumaku moja ya dramu la inchi 10 au 12 inakula kama ampea 3 mpaka 4, kwa hiyo nne ni kati ya 12 na 16. Fyuzi ya taa za breki kwenye magari mengi ni ya ampea 10 au 15, na tayari inalisha taa zenyewe. Itaungua, na siku ikiungua umekosa breki za tela na umekosa taa za breki kwa mpigo mmoja, na nyuma yako kuna basi.

Kontrola kazi yake ni kugawa huo umeme kwa kipimo. Ziko za aina mbili. Moja ina kihisio ndani, inasikia gari linavyopunguza mwendo na kupeleka umeme kulingana na hapo, ukikanyaga kwa upole tela nalo linashika kwa upole. Ya pili haisikii chochote, inahesabu muda tu, ukikanyaga inapandisha umeme taratibu mpaka kiwango ulichoweka, iwe unasimama kumpisha kuku au unasimama kumkwepa ng'ombe. Hii ya pili ni rahisi kwa bei na unaifunga popote. Kwa njia ya Manyovu na mzigo wa saruji mimi nasema jinyime kitu kingine ununue ya kwanza. Ila hiyo ya kihisio inataka ifungwe ikielekea mbele ya gari na isilale zaidi ya kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake, ukiifunga kiupande upande itapima uongo. Zipo nyingine mpya zinajifunza zenyewe zimekaaje, hizo hazina masharti hayo, soma karatasi.

Haya, waya nne. Kontrola nyingi za Marekani na za Australia zimekubaliana hapa: nyeusi ni umeme chanya, nyeupe ni ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), nyekundu ni ishara ya pedeli, bluu ndo inayotoka kwenda kwenye sumaku za tela. Nyeusi na bluu ndo zinabeba mzigo wenyewe, nyekundu inabeba habari tu kwamba jamaa kakanyaga breki. Mafundi wengi wanakosea kwa kuziona zote sawa.

Nyeusi ipeleke moja kwa moja kwenye betri, sio kwenye swichi, sio kwenye waya wa redio, sio kwenye boksi la fyuzi ulikoona kanafasi. Karibu kabisa na betri weka sakiti breka (swichi inayokata umeme ukizidi), kwa tela la sumaku mbili ya ampea 20 inatosha, kwako wewe mwenye nne weka 30, ile inayojirudisha yenyewe, maana fyuzi ya kawaida ikikatika mlimani imekatika. Nyeupe nayo ipeleke mpaka hasi ya betri, usiifunge kwenye boriti ya dashbodi kisa iko karibu. Na hizi mbili usizigeuze hata kwa sekunde, kontrola nyingi ukizipa umeme kinyume zinakufa hapo hapo. Kwa hiyo kabla ya yote fungua hasi ya betri, unga kila kitu, betri iwe ya mwisho.

Nyekundu inaenda kwenye swichi ya taa za breki, ile iliyo juu ya pedeli. Hapa panataka testa, ile ya kupimia kama waya una umeme. Kwenye swichi kuna upande wenye umeme muda wote na upande unaopata umeme ukikanyaga tu, wewe unataka huu wa pili. Ukiunga ule wa kwanza kontrola itaamini umekanyaga breki kuanzia Kigoma mpaka Kasulu, na zipo ambazo zitabana kidogo kidogo njia nzima mpaka dramu zinanuka. Land Cruiser nyingine swichi ina waya nne kwa sababu ya ule mfumo wa kushikilia mwendo, usikisie, chomeka testa, kanyaga, achia, kanyaga tena. Na ukiona soketi au waya zimefungwa kwenye mfuko wa njano usiziguse kabisa, hizo ni za eabegi.

Bluu ndo inatembea safari ndefu, inatoka kwenye kontrola, inapita bati linalotenga injini na kabini, inashuka chini ya chesisi mpaka soketi ya nyuma. Toboa kwa akili, angalia upande wa pili kuna nini kwanza, weka raba kwenye tundu maana bati linakata waya taratibu na kwa mtikisiko wa barabara zetu halichukui muda. Unene wa waya usibanie. Mita 6 za waya wa milimita mraba 1 zikibeba ampea 15 zinapoteza kama volti 1.6 njiani, za milimita mraba 4 zinapoteza kama 0.4 tu. Na hiyo ni kwenda, kurudi kwa ethi nako kuna kupoteza kwake. Watu wanalalamika breki za tela dhaifu, wanabadilisha sumaku, wanabadilisha shuu, kumbe waya ni ule wa spika za redio. Nunua 4 kwenda juu, 6 ikipatikana. Na maungio ya kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi nayakataa, bana kwa koleo na vishikio vyake au lehemu, alafu vaa mrija wa kusinyaa kwa moto.

Sasa tufike kwenye mtego. Umesema tela limekuja na kontena ila hujasema limetoka nchi gani, na hapo ndo majibu yote yanakaa. Tela la Marekani waya wa bluu ni breki kweli, nyeupe ethi, kahawia taa ndogo, njano kushoto, kijani kulia, nyeusi ni umeme wa kuchajia betri ya tela. Tela la Australia la plagi ya pini saba bluu ni breki vilevile, inakaa pini namba 5, ila nyeusi yao ni taa za rivasi. Ukija Uingereza na Ulaya kwa ujumla, ile plagi nyeusi ya pini saba ya siku zote, bluu iko pini namba 2 na ni taa ya ukungu ya nyuma, haina habari na breki, maana tela zao hizi ndogo zinatumia breki za kusukumwa, gari likipunguza mwendo tela linasukuma mbele na chuma cha kichwani kinabana breki, hakuna umeme wowote. Kwa hiyo mtu akiunga bluu kwa bluu kwa kuamini rangi anaweza akakanyaga breki ikawaka taa nyekundu nyuma, na tela likaendelea kumsukuma.

Na hapo bado hujahesabu fundi wa huku aliyebadilisha plagi kabla yako kwa rangi alizokuwa nazo dukani. Rangi ni maoni ya mtu. Pima.

Kupima sio kazi. Chukua betri pembeni, hasi yake iguse pini ya ethi ya tela, chanya ipite kwenye fyuzi ya ampea 20 alafu gusa pini moja moja, mtu mmoja aite taa inayowaka. Ikibaki pini haiwashi taa yoyote, inua tairi moja kwa jeki (weka mawe kwenye zingine jamani), mtu alizungushe, gusa hiyo pini. Tairi likisimama umepata breki. Kama huna jeki weka dira karibu na dramu kwa ndani, hata ile ya kwenye simu, ukigusa umeme mshale unahama. Rudia tairi zote nne maana sumaku moja kufa ni kawaida, na waya unaopita ndani ya bomba la ekseli kusuguana na kuchunika ni kawaida zaidi. Kuna wanaopima kwa ohmu na multimita peke yake, hiyo inachanganya, balbu ikiwa baridi inasoma chini ya ohmu moja na sumaku nne kwa pamoja nazo zinasoma hapo hapo chini ya ohmu moja.

Kama tela ni la Marekani kuna kero moja ya ziada. Nyingi zao taa ya breki na indiketa ni balbu moja, gari lako la Kijapani lina indiketa za peke yake, kwa hiyo utahitaji kile kiboksi cha kuchanganya ishara, au ufunge taa nyingine za nyuma. Mimi ningefunga taa nyingine, taa za LED za malori zimejaa madukani.

Ukimaliza kuunga jaribu kiswichi kile cha kusukuma kwa kidole kilichopo kwenye kontrola, kinabana tela peke yake bila pedeli. Kidole kikibana na pedeli isibane, tatizo ni nyekundu. Vyote viwili kimya, anza na nyeusi, sakiti breka na ethi. Na hicho kiswichi kitunze kichwani, siku tela likianza kuyumba kushoto kulia nyuma yako usikanyage breki ya gari, achia mafuta, kibane kidogo, tela linanyooka. Tela linaloyumba kila siku lakini sio shauri la breki, umepakia mzigo nyuma, sogeza saruji mbele mpaka kama asilimia 10 ya uzito wote ikae kwenye kichwa cha tela.

Kitu cha mwisho kwako, angalia kama tela lina kaswichi kenye pini na kamba ya chuma mbele, na kabetri kake. Tela likichomoka kwenye gari kamba inavuta pini na betri ya tela inabana breki yenyewe. Australia tela la zaidi ya kilo 2,000 ni lazima liwe nayo na lishikilie angalau dakika 15. Wafanyabiashara wa kwetu wanakachomoa kwa sababu kabetri kamekufa. Nunua kabetri kengine, kamba ifunge kwenye chesisi ya gari na sio kwenye mnyororo wa usalama wa tela wala kwenye boli la kuvutia tela, na siku ya kukajaribu chomoa kwanza plagi ya tela kwenye gari, la sivyo umeme unaweza kurudi kinyumenyume ukaua kontrola yako mpya.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi nakusanya asali kutoka Sikonge kuleta Tabora mjini, nina Canter. Nimepewa tela na ndugu yangu lenye breki za umeme pamoja na kontrola yake, imeandikwa volti 12. Canter yangu ni 24. Fundi wa hapa Isevya anasema betri ziko mbili, tuchukue umeme kwenye betri moja tu tupate 12. Inafaa? Mrina asali, Tabora.

JIBU: Nzuri, pole na nyuki. Haifai. Taa itawaka na wewe utafurahi, ila betri moja inachoka kila siku na nyingine inapigwa chaji kupita kiasi, mwisho unanunua zote mbili. Na kuipa hiyo kontrola 24 moja kwa moja usithubutu, sumaku ya 12 ukiipa 24 inakula umeme mara mbili na joto linakuwa mara nne.

Njia ziko mbili. Ya kwanza kutafuta kontrola na sumaku zilizoandikwa 24, kama unapata. Ya pili ni kiboksi cha kushusha 24 kuwa 12 chenye uwezo wa ampea 30 za kweli, sio vile vya kuchajia simu vimeandikwa 30 kwa ujasiri, na hicho ndo kinalisha waya mweusi. Alafu kuna kitu hapa karibu kila mtu anasahau: waya mwekundu. Taa zako za breki ni volti 24, ukiunga nyekundu pale umeipelekea kontrola 24 kwa mlango wa nyuma. Weka relei (swichi inayochezeshwa na umeme) ya koili ya volti 24, koili ichezeshwe na taa za breki, na swichi yake ipitishe 12 kutoka kwenye kiboksi kwenda nyekundu. Taa za tela nazo badilisha balbu ziwe za 24. Ukipiga hesabu ya vyote hivyo na ukakuta mzigo wako ni ndoo za asali chache tu, mrudishie ndugu yako tela na panga vizuri kwenye bodi ya Canter, huwa inabeba.

SWALI: Kaka mimi kontrola ipo, imefungwa, breki zinafanya kazi. Shida nikiwa lami tela linashika safi, nikiingia barabara za vumbi kwenda mashambani huku Urambo tairi za tela zinajifunga na kuburuza mpaka vumbi linanifunika. Tena likiwa tupu ndo kabisa. Fundi anasema kontrola mbovu. Mkulima wa tumbaku.

JIBU: Kontrola nzima, mpe pole. Hiyo namba ya nguvu uliyoweka ukiwa lami umepakia ndo unayotembea nayo kila mahali, au sio? Ile sio ya kuweka mara moja ukasahau. Vumbi na kokoto haishiki tairi kama lami, na tela tupu halina uzito wa kukandamiza tairi chini, kwa hiyo umeme ule ule uliokuwa sawa sasa umezidi.

Fanya hivi, kila ukibadilisha mzigo au barabara. Tafuta sehemu tambarare isiyo na watu, na Urambo tambarare ndo mnazo. Kanyaga breki kawaida mara kadhaa kwanza dramu zipate joto. Alafu mwendo wa kama kilomita 40 kwa saa, sukuma kile kiswichi cha kidole mpaka mwisho bila kugusa pedeli, mtu wa pili awe amesimama pembeni anaangalia tairi. Zikijifunga punguza, zikivuta kiuvivu ongeza, unataka ile hatua ya chini kidogo kabla ya kujifunga. Andika kwa wino kwenye tepu uibandike dashbodini: lami na mzigo ngapi, vumbi na mzigo ngapi, tupu ngapi. Madereva watatu wakipokezana gari hiyo tepu ndo inawaokoa.

Na kama tairi linalojifunga ni lile lile kila siku na mengine yanazunguka, hiyo ni marekebisho ya dramu. Inua tairi, kaza kile kigurudumu cha meno kwa nyuma mpaka tairi ligome kuzunguka, alafu legeza mpaka lizunguke huru likiwa linagusa shuu kwa mbali. Fanya yote sawa. Shuu zikiwa mpya rudia tena baada ya kama kilomita 300, zinakuwa zimejikalisha.

SWALI: Nina boti la faiba, nalitoa na kuliingiza ziwani pale Kibirizi kwa tela la breki za umeme. Kila baada ya muda mfupi breki zinakufa. Ziwa letu ni la maji baridi, hakuna chumvi, kwa nini zinaoza? Jina kapuni, Kigoma.

JIBU: Chumvi inaongeza kasi tu, chuma na maji yoyote vinapata kutu, na hapo kuna waya, sumaku na shuu ndani ya dramu ambalo maji yanaingia na matope yake na hayatoki yote. Tena unafika Kibirizi dramu zina moto wa njiani, unazitumbukiza kwenye maji, bearingi zinanyonya maji kupitia sili. Ndo maana tela za boti nyingi duniani zinawekewa breki za kusukumwa za haidroliki, na kama safari yako ni hapa hapa mjini mpaka ufukweni ningekushauri uhamie huko.

Ukiwa bado na hizi za umeme, fika, subiri dramu zipoe, chomoa plagi ya tela kabla tairi halijagusa maji, usije ukakanyaga pedeli umeme ukiwa ndani ya maji. Ukitoka, suuza kwa maji safi kwa ndani, rudisha plagi, tembea mwendo mdogo ukibana kiswichi cha kidole kidogo kidogo ili zikauke. Maungio ya waya yote yapandishe juu ya chesisi, yasikae kwenye ekseli. Grisi ya bearingi badilisha mara nyingi kuliko wenye tela za nchi kavu, ukifungua ukaikuta imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia na sili hazifai.